Tasbihi na Kidonge: Dhikiri Ina Athari Gani kwa Akili na Mwili?

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza swali mwishoni mwa mhadhara wa fonetiki, wenziwe walipokuwa wakikusanya vitabu vyao. "Mwalimu," akasema, "ni kweli kwamba dhikiri huponya shinikizo la damu?" Lilikuwa swali jepesi, na yamkini alitarajia jibu jepesi vilevile. Nilinyamaza kitambo hadi akadhani amenikera. Kumbe nilinyamaza kwa sababu niliwahi kulijibu swali hilo miaka kadhaa iliyopita, nikalijibu vibaya, na aliyelipa gharama ya jibu langu hakuwa mimi. Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kumpa kijana yule siku hiyo.

Tuanze na neno lenyewe, kwani huko ndiko aliko mwanaisimu. Dhikiri ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake wenye konsonanti tatu hubeba maana mbili ambazo Kiswahili kwa kawaida huzitenga: kukumbuka na kutaja. Kwetu sisi, kukumbuka ni kazi ya moyo na kutaja ni kazi ya ulimi. Anayedhikiri hufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja: ulimi unataja ili moyo ukumbuke, na moyo unakumbuka ili ulimi usichoke kutaja. Watu wa pwani wakaongeza taswira yao wenyewe. Hawasemi kwamba fulani anasoma uradi tu. Husema anavuta uradi, kwa sababu punje za tasbihi huvutwa moja baada ya nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa hiyo tangu mwanzo lugha yenyewe inatuarifu kwamba jambo hili lina ulimi, lina moyo na lina mkono. Si la roho peke yake.

Aina za dhikiri ni nyingi. Ipo ile fupi inayofuata kila sala ya faradhi, ambapo tasbihi, tahmidi na takbiri hutajwa mara 33 kila moja. Ipo Ratibu ya Haddadi, iliyotungwa na Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut (1634–1720), ambayo hadi leo husomwa baada ya sala ya isha katika misikiti mingi ya mwambao wetu. Na ipo dhikiri ya tarika, hasa ya Kadiria, iliyoenezwa na watu kama Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka wa 1909. Hii husomwa kwa pamoja, watu wakiwa wamesimama safu au duara, miili ikiyumba na pumzi zikipandishwa na kushushwa kwa nguvu. Najua fika kwamba wanazuoni wa pwani wamehitilafiana kwa muda mrefu kuhusu uhalali wa namna hii ya mwisho. Mimi si mufti wala kadhi, na safu hii si mahali pa kutolea fatwa. Ninachouliza ni hiki: mwili hufanya nini mtu anapodhikiri?

Jibu la kwanza limo katika pumzi. Mtu mzima aliyekaa kitako bila ya shughuli huvuta pumzi baina ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka wa 2001, Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya utafiti walioufanya kwa watu 23 wenye afya nzuri. Waliwapima wakisoma rozari kwa Kilatini, kisha wakisoma maneno ya dua ya Kibudha. Waligundua kwamba usomaji wa aina zote mbili ulishusha idadi ya pumzi hadi karibu sita kwa dakika, yaani pumzi moja kwa kila sekunde kumi. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo mna vipokezi vinavyouarifu ubongo damu inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, nao ubongo huuamuru moyo uongeze mwendo au upunguze, kupitia neva ndefu iitwayo vagasi. Mfumo huu una wimbi lake la kupanda na kushuka, na wimbi hilo huchukua takriban sekunde kumi. Pumzi ikienda sambamba na wimbi hilo, viwili hivyo hushikana mkono: moyo hutulia, na uwezo wa mwili kusawazisha shinikizo la damu huimarika kwa muda ule.

Hata kabla ya hapo, Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa amekwisha kueleza, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1975, kwamba mtu akilirudiarudia neno moja kwa utulivu, akaziacha fikira nyingine zipite bila ya kuzifuata, mapigo ya moyo hupungua na matumizi ya oksijeni hushuka. Akaonya kwamba neno lenyewe laweza kuwa lolote. Hapo waumini wengi hununa, na nitalirudia jambo hilo baadaye.

Sasa mniruhusu nitie neno la taaluma yangu. Chukueni tahlili, yaani tamko la kwamba hapana mola isipokuwa Mwenyezi Mungu: la ilaha illallah. Lipimeni kama tunavyopima sauti darasani. Mna konsonanti za aina tatu tu: kitambaza cha ufizi, kipasuo cha glota na kikwamizo cha glota. Irabu ni mbili, a na i. Hamna hata sauti moja ya midomo. Hamna p, b, m, f, v wala w. Ndiyo maana mtu anaweza kulitamka katika matatu iliyojaa bila ya abiria wa ubavuni kutambua, kwani midomo haina kazi. Kisha tazameni jinsi hewa inavyotoka. Sauti ya l na irabu zilizovutwa ni sauti ghuna. Nyuzi za sauti hukaribiana, na hewa hutoka kidogokidogo kama maji ya birika lenye mdomo mwembamba. Mwishoni huja h, ambayo huiachilia hewa iliyosalia. Anayelitamka tamko hili kwa tuo na kulirudia anarefusha utoaji wa pumzi bila ya kukusudia, na ni katika kutoa pumzi ndipo moyo hupunguza kasi. Nilijipima mwenyewe kwa saa ya mkononi: pumzi 15 kwa dakika nilipokuwa nikisahihisha insha, na saba nilipokuwa nikivuta uradi. Lakini niliposoma kwa pupa, kama mtu aliyeachwa na basi, hesabu haikushuka hata kidogo. Wazee wetu waliotukanya tusizikimbize punje walijua walisemalo.

Dhikiri ya kusimama na kuyumba ni habari nyingine. Pale pumzi ni za haraka na za nguvu. Mtu akihema hivyo kwa muda, kiwango cha kaboni-dioksaidi katika damu hushuka, mishipa ya damu ya ubongoni husinyaa kidogo, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hisia ya kupaa. Simaanishi kwamba hisia ya mdhikiri si chochote ila hewa. Nasema tu kwamba mwili una sehemu yake katika hisia hiyo, na kwamba mwenye maradhi ya moyo hana budi kuwa na hadhari. Kwa upande mwingine, kule kusoma pamoja kuna siri yake. Mwaka wa 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba vijana wanaoimba pamoja hufikia mahali mapigo ya mioyo yao yakawa yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa kuwa pumzi zao zimefungamana. Waliowahi kuketi msikitini ratibu ikisomwa hawakuhitaji mashine kulijua hilo.

Hadi hapa msomaji atadhani naipigia dhikiri debe. Naam, mwaka wa 2019 niliipigia debe kweli. Mama yangu mdogo, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani mjini Mombasa kwa miaka mingi, alikuwa akiugua shinikizo la damu na kumeza vidonge kila asubuhi. Hakuvipenda, alisema vinamlegeza. Nami, kwa furaha ya msomi aliyekutana na utafiti unaomsifia nyanya yake, nikampelekea ujumbe mrefu kwa simu. Nikamweleza habari za Pavia, pumzi sita, neva ya vagasi na vipokezi vya shingoni. Nikamaliza kwa maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Mama, sayansi imekubali ulichokuwa ukikifanya miaka yote." Yeye akasoma alichotaka kukisoma. Na si ujumbe wangu peke yake uliomfikia. Ulikuwako pia ule waraka unaozunguka kwenye simu za watu, unaodai kwamba mtafiti fulani wa Ulaya amethibitisha kuwa kila herufi ya jina la Mwenyezi Mungu hutibu kiungo fulani: hii kifua, ile moyo. Wangu ulikuwa na jina la chuo kikuu, kwa hiyo ukaupa ule mwingine heshima usiyostahili.

Kuhusu waraka huo ni wajibu wangu kama mwanaisimu kusema kinaganaga. Sauti haina dawa ndani yake. Ile h inayodaiwa kuutuliza moyo ndiyo hiyohiyo iliyo mwanzoni mwa neno hasira, na l iliyomo katika jina tukufu ndiyo iliyomo katika pilipili. Kinachotuliza ni urefu wa pumzi, mwendo usiobadilika, kurudiarudia, na maana ambayo msemaji anaiamini. Dini haihitaji utetezi wa uongo, na anayeitetea kwa utafiti usiokuwapo anaiaibisha siku utafiti huo unapotafutwa ukakosekana.

Aidha, utafiti ulio wa kweli nao una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo niliyoiacha nje ya ujumbe wangu. Wale 23 wa Pavia walikuwa wazima, si wagonjwa. Walipimwa wakiwa wanasoma, si juma moja baadaye. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba asomaye aache dawa. Mama mdogo aliacha. Kama miezi mitatu hivi baadaye, alfajiri moja, alianguka karibu na mtungi alipokuwa akitaka kutawadha. Daktari aliyempokea hakunilaumu, kwa kuwa hakujua. Aliuliza swali moja tu: dawa aliacha lini?

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakaondoka. Mimi ninayefundisha wanafunzi habari za afasia kila mwaka, nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Siku ya kumi muuguzi alimwonyesha kikombe na kumwomba akitaje jina. Alihangaika, "ki... ki...", jasho likamtoka, kisha akageuza uso ukutani na kulia. Mtu aliyewasomesha mamia ya watoto alifu na bee hakuweza kutaja kikombe. Magharibi yake adhana ilisikika kutoka msikiti ulio jirani. Akafumba macho, na kinywani mwake ikatoka tahlili nzima, wazi, kwa mada zake na utamkaji wake wa zamani. Kisha nyingine. Alikuwa akihesabu kwa pingili za vidole vya mkono wa kushoto, kwa maana wa kulia haukusikia tena. Alifika 33 bila ya kukosea. Nilipomuuliza baada ya hapo kama anataka maji, neno maji halikuja.

Wasomaji walimu watanisamehe nikieleza kidogo. Tangu Paul Broca alipomchunguza, mwaka wa 1861, mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu ya kutamka, imejulikana kwamba kwa watu wengi uwezo wa kuunda maneno na sentensi hutegemea upande wa kushoto wa ubongo. Katika karne hiyohiyo, daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aligundua jambo la ajabu zaidi: mgonjwa asiyeweza kuunda sentensi ya maneno matatu aweza kutamka kiapo au tusi kwa ufasaha kamili. Akatenganisha usemi tunaouunda upya kila mara na usemi uliokwisha kukaa mwilini mzima mzima. Wa kwanza ni kama mkate tunaooka kila siku. Wa pili ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya maji. Sala, kuhesabu, nyimbo na salamu ni za kundi la pili, na mara nyingi njia zake katika ubongo husalimika kiharusi kinapoziharibu zile za kwanza. Kwa miaka hamsini na zaidi mama mdogo alikuwa akiweka akiba kila baada ya sala bila ya kujua anaweka wapi. Siku benki yote ilipoungua, akiba hiyo ilionekana haikuwekwa benki.

Na akiba hiyo ilitumika. Tangu mwaka wa 1973, huko Boston, Albert, Sparks na Helm walieleza tiba ya afasia inayotumia lahani: mgonjwa huimba neno kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku akigonga mezani kwa mkono wa kushoto, hadi neno lililogoma kusemwa likubali kwanza kuimbwa. Mtaalamu wa tiba ya usemi aliyemhudumia mama mdogo, binti mdogo Mkristo kutoka bara, ndiye aliyekuwa na busara ya kuanzia mgonjwa alipokuwapo. Alimwacha asome uradi wake, akakariri mwendo wake pamoja naye kwa kugonga, kisha katikati ya mwendo huo akapenyeza neno: ma-ji. Ki-ko-mbe. Ilichukua miezi. Takriban nusu ya maneno yake yamerudi. Nusu nyingine sidhani kama itarudi.

Je, dhikiri ilimponya? La. Kilichozuia kiharusi cha pili, kwa kadiri ya elimu ya madaktari, ni vile vidonge alivyovirudia. Je, haikumfaa kitu? Nani aliyekuwapo magharibi ile atathubutu kusema hivyo?

Narudi sasa kwa Benson na neno lake liwalo lolote. Kwa kipimo cha mashine ana haki: moyo haujui Kiarabu wala Kilatini. Lakini Imamu Ghazali (1058–1111), aliyeeleza jinsi dhikiri inavyoanzia ulimini kisha ikashuka moyoni hadi ulimi ukawa hauna haja ya kutikisika, alikuwa na jambo ambalo Benson hakulipima. Mwaka wa 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa chuo cha Nidhamia mjini Baghdad, Ghazali alisimama mbele ya wanafunzi wake na ulimi ukafunga. Hakuweza kutamka hata neno. Chakula hakikupita kooni. Matabibu walikiri kwamba ugonjwa ulianzia moyoni ukashukia mwilini, na hawakuwa na dawa ya moyo wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo. Aliacha cheo, akaondoka mjini, akakaa miaka katika upweke na ibada. Kwake dhikiri haikuwa mbinu ya kushusha mapigo ya moyo. Ilikuwa njia ya kumwelekea anayemkumbuka. Utulivu ulikuja kama kivuli kinavyomfuata mtu. Anayekimbiza kivuli peke yake mara nyingi hukikosa, na hili nadhani hata asiye Mwislamu, mwenye rozari yake au zaburi zake, atakubaliana nalo.

Kwenu wanafunzi, ambao msimu wa mitihani huwakuta mikono inatetemeka: dakika tano za uradi, au za sala yoyote mnayoiamini, isomwayo kwa pumzi ndefu, zitautuliza mwili wenu. Hazitawafundisha jedwali la elementi. Kwenu walimu wenzangu: tusidharau kukariri. Tumezoea kukiita kipaji cha kasuku, na kweli kukariri bila ya kuelewa ni umaskini. Ila kilichokaririwa kwa mapenzi hukaa mahali ambapo hata maradhi huchelewa kufika. Na tunapowafikishia watu wetu matokeo ya sayansi, tuwafikishie pamoja na mipaka yake, kwani mzee akisoma ujumbe wa mwanawe aliye daktari wa falsafa hasomi maelezo tu. Anasoma na imani yake kwa mtoto.

Nilimkiri mama mdogo kosa langu mwaka uliofuata, barazani kwake. Nilieleza kirefu, kama kawaida yetu wahadhiri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuyatafuta maneno yake moja moja, mkono wa kushoto ukigonga gotini. "Mwanangu," akasema. Akapumzika. "Kidonge... kwanza." Akachukua tasbihi yake kutoka kwenye mkeka. "Kisha... hii."

Hilo ndilo jibu ambalo nilipaswa kumpa mwanafunzi wangu, na sikuweza kulisema vizuri kuliko yeye.